Hatari Zinazoweza Kuuangusha Ustaarabu wa Binadamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka mingi na watu wa kila namna: wanafunzi, wazazi wenye watoto wadogo, watu waliokosa usingizi baada ya taarifa ya habari. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu ana kwa ana. Utaona kuna kipimo kimoja ninachokirudia karibu kila mahali: hatari hii inatupa muda gani wa kufikiri kabla ya kuamua? Kwangu mimi hicho ndicho kipimo kinachotenganisha balaa la kutisha na balaa la kumaliza.

Tishio kwa ustaarabu ni nini hasa? Si kila janga ni tishio?

Hapana. Tauni iliyoikumba Ulaya kati ya 1347 na 1351 iliua theluthi moja ya watu wake au zaidi, na bado miji ilibaki, mashamba yalilimwa na watoto walizaliwa wakizungumza lugha za mababu zao. Lilikuwa janga kubwa kupita kiasi, lakini ustaarabu uliinuka.

Ustaarabu ni mtandao. Mkate unategemea mbolea, mbolea inategemea kiwanda, kiwanda kinategemea umeme na meli, meli zinategemea benki, na vyote hivyo vinategemea watu waliosomeshwa kwa miaka mingi. Ukikatika uzi mmoja, mwingine hubeba mzigo. Zikikatika nyingi kwa pamoja, na kila mahali, hakuna jirani wa kukimbilia. Hilo ndilo ninalolihesabu kuwa tishio kwa ustaarabu. Juu yake kuna ngazi ya mwisho, kutoweka kwa binadamu wote, ambako hakuna kuinuka tena.

Basi ipi ni kubwa kuliko zote?

Jibu langu ni vita vya nyuklia, na sisiti kulisema. Ya pili ni ugonjwa uliotengenezwa na binadamu. Mabadiliko ya tabianchi nayaweka pembeni kidogo, si kwa sababu ni madogo, ila kwa sababu yanafanya kazi kwa namna nyingine: yanazidisha makali ya hatari zote. Akili mnemba ndiyo yenye ubishi mwingi zaidi miongoni mwa wanaoielewa.

Tazama muda. Asteroidi kubwa, yaani jiwe kubwa la angani, ikionekana mapema, inatupa miaka au miongo. Tabianchi imetupa zaidi ya karne, nasi tumeitumia vibaya. Ugonjwa mpya hutupa wiki chache. Makombora ya nyuklia hutupa dakika.

Vita Baridi viliisha zamani. Mbona bado tunaogopa silaha za nyuklia?

Kwa sababu vita viliisha, silaha zikabaki. Mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia karibu 70,000. Leo viko takriban 12,000, na karibu asilimia 90 ni vya Urusi na Marekani. Vilivyobaki ni vya Uchina, Ufaransa, Uingereza, India, Pakistan, Israeli na Korea Kaskazini. Kupungua huko ni kazi kubwa ya watu waliokaa mezani miaka mingi wakibishana kifungu kwa kifungu, na sipendi kazi hiyo inapodharauliwa. Lakini 12,000 bado ni nyingi mno.

Kombora la kutoka bara moja hadi jingine huruka kwa kama nusu saa. Likitoka kwenye nyambizi iliyojificha karibu na pwani ya adui, huenda ni dakika 10 au 15. Ondoa muda wa mitambo kulitambua, wa maofisa kuthibitisha, wa rais kuamshwa; kinachobakia kwa mtu mmoja kuamua juu ya sisi sote ni dakika za kuhesabu kwa vidole.

Usiku wa 26 Septemba 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha tahadhari cha Umoja wa Kisovieti, nje ya Moscow. Mitambo ikamwambia kwamba Marekani imerusha kombora moja, kisha ikaongeza manne. Zilikuwa zimepita wiki kama tatu tu tangu ndege ya kivita ya Kisovieti iitungue ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyobeba watu 269, na pande zote mbili zilikuwa zimeshikana mashati. Petrov alijiuliza ni nani angeanzisha vita vya namna hiyo kwa makombora matano tu. Akatoa taarifa kwa wakubwa wake kuwa ni hitilafu. Baadaye ilibainika kwamba setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu.

Miaka 21 kabla yake, tarehe 27 Oktoba 1962, katika kilele cha mgogoro wa makombora ya Kisovieti huko Kuba, manowari za Marekani zilikuwa zikiangusha baruti majini ili kuilazimisha nyambizi B-59 ya Kisovieti ipande juu. Ndani yake kulikuwa na joto la kuchemka, hewa imekuwa nzito, na hakukuwa na mawasiliano na Moscow. Kwa simulizi za waliokuwemo, nahodha alidhani vita vimeshaanza akataka kuitayarisha torpido ya nyuklia, ambayo Wamarekani waliokuwa juu hawakujua kama ipo. Afisa mwenzake, Vasili Arkhipov, alikataa, akamtuliza, nyambizi ikapanda juu.

Na mwaka 1995, Vita Baridi vikiwa vimeshazikwa, roketi ya utafiti iliyorushwa kutoka Norway kuchunguza mianga ya kaskazini ilitafsiriwa na rada za Urusi kuwa huenda ni kombora, hadi mkoba wa nyuklia wa Rais Boris Yeltsin, ule wa kuamuru mashambulizi, ukafunguliwa. Norway ilikuwa imetoa taarifa mapema. Haikuwafikia waliokuwa kwenye rada.

Watu husikia visa hivi wakapumua kwa kusema "basi mfumo ulifanya kazi." Mimi nasikia kinyume chake. Mara mbili za kwanza mfumo ulisema "piga", na mtu akasema "ngoja".

Lakini mabomu hayawezi kufika kila kijiji. Walio mbali si watapona?

Watapona moto. Njaa ni habari nyingine.

Miji ikiungua kwa pamoja, masizi hupanda juu ya mawingu, mahali ambako mvua haiwezi kuyaosha, na hukaa huko kwa miaka yakizuia mwanga wa jua. Baridi huingia, misimu ya kilimo hufupika, mavuno hushuka hata katika nchi ambazo hazikurusha wala kurushiwa bomu. Mwaka 2022 kundi la watafiti lilichapisha hesabu zake: vita kati ya India na Pakistan vingeweza kuua kwa njaa zaidi ya watu bilioni 2, na vita kati ya Marekani na Urusi zaidi ya bilioni 5. Hizo ni hesabu za modeli za kompyuta, na wapo wanaobishana kuhusu kiasi cha masizi kitakachopanda. Mwelekeo wake haubishaniwi sana. Volkano zimeshatuonyesha mfano mdogo, na nitaufikia.

Je, mabadiliko ya tabianchi yatamaliza binadamu?

Yenyewe peke yake, sidhani, na wanasayansi wengi wa fani hiyo hawasemi hivyo. Ila swali hilo huwa linanisumbua, kwa sababu anayeuliza hutaka kusikia "hapana" kisha aende zake. Kati ya kutomalizwa na kuishi vizuri kuna nafasi kubwa sana ya mateso.

Tulionywa mapema mno. Mwaka 1856 Eunice Foote, mwanamke wa Marekani, aliweka mitungi ya hewa juani akaona kwamba ule wenye kaboni dioksidi ulipata joto zaidi na ulichelewa kupoa. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa kwa mkono jinsi dunia ingepata joto gesi hiyo ikiongezeka maradufu. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ilikuwa na sehemu 280 hivi za kaboni dioksidi katika kila milioni. Leo zimepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza wa kalenda ambao wastani wa joto la dunia ulizidi ule wa kabla ya viwanda kwa zaidi ya nyuzi 1.5.

Joto lenyewe siyo yote. Karibu asilimia 90 ya joto la ziada linamezwa na bahari, ndiyo maana hata tukisimamisha moshi leo, bahari itaendelea kupanda kwa vizazi. Barafu nyeupe ikiyeyuka huacha maji meusi yanayofyonza joto zaidi, nayo huyeyusha barafu zaidi. Barafu ya Greenland ikiisha yote, kazi ya karne nyingi, bahari itapanda kwa mita kama 7. Kuna mipaka ambayo ukiivuka huwezi kurudi nyuma, na hakuna kengele inayolia ukiwa unaivuka.

Na hapa ndipo naona tishio kwa ustaarabu: mavuno yakifeli katika maeneo kadhaa makubwa ya nafaka mwaka mmoja, mito inayogawanywa na nchi zenye uhasama ikipungua, watu wakihama kwa mamilioni, wale wenye dakika chache za kuamua kuhusu makombora watakuwa wakiamua wakiwa na hofu na hasira.

Je, tumeshachelewa?

Tumechelewa kuzuia madhara yote. Hatujachelewa kuamua yawe makubwa kiasi gani, na kila sehemu ya nyuzi tunayoizuia ina watu ndani yake.

Wanaoniambia kwamba mataifa hayawezi kukubaliana huwa nawakumbusha ozoni. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba kemikali zilizokuwa zikitumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia zinaweza kulila tabaka linalotukinga na mionzi ya jua. Viwanda vilipinga. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua vibaya kila majira ya kuchipua. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Montreal ukatiwa saini, na hatimaye nchi zote za dunia ziliuridhia. Tabaka hilo linapona. Sehemu kubwa ya dunia inatarajiwa kurudi katika hali ya 1980 kufikia mwaka 2040 hivi, na Antaktika karibu mwaka 2066. Ni kweli kaboni ni ngumu zaidi, kwa kuwa imo katika kila kitu tunachofanya. Lakini neno "haiwezekani" silikubali.

Ugonjwa mwingine kama UVIKO-19 unaweza kutumaliza?

Ugonjwa wa asili una uwezekano mdogo wa kutumaliza. Homa ya mafua ya 1918 inakadiriwa kuua watu milioni 50. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 pekee kulikuwa na vifo vya ziada karibu milioni 15 vilivyotokana na UVIKO-19, kwa ugonjwa wenyewe au kwa hospitali kuzidiwa. Ni misiba isiyoelezeka, na dunia ikaendelea.

Kinachonikosesha raha ni ugonjwa wa kutengenezwa. Virusi vya asili havina nia. Vinavyomuua kila mgonjwa upesi huwa vinajikatia njia. Mtu anaweza kujaribu kuunganisha sifa ambazo maumbile hayaunganishi: kuambukiza kwa hewa, kukawia kuonyesha dalili, kisha kuua kwa wingi. Umoja wa Kisovieti ulitia saini mkataba wa 1972 wa kupiga marufuku silaha za kibiolojia huku ukiendelea kuzitengeneza kwa siri, na mwaka 1979 vimelea vya kimeta vilivyovuja kwenye kituo cha kijeshi mjini Sverdlovsk viliua watu wasiopungua 60. Mkataba huo upo hadi leo. Hauna ukaguzi.

Teknolojia nayo imeshuka bei. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba watafiti nchini Kanada wamevijenga upya virusi vya ndui ya farasi, ndugu wa ndui ya binadamu, kwa vipande vya DNA walivyoagiza kwa posta. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini mlango waliouonyesha hauwezi kufungwa tena. Kilichobaki ni kuweka walinzi, na wa kwanza wao ni kampuni zinazouza DNA. Zote zilazimishwe kisheria kuchunguza ni nini wanachoagizwa na ni nani anayeagiza. Hili ni jambo rahisi, la bei nafuu, na linaniumiza kwamba bado halijawa sheria ya dunia nzima.

Upande wa pili, sayansi hiyohiyo inatununulia muda. Mfuatano wa vinasaba vya korona ulichapishwa Januari 2020. Tarehe 16 Machi mtu wa kwanza alichomwa chanjo ya majaribio. Kufikia Desemba chanjo zilikuwa zikitolewa kwa umma. Chanjo za zamani zilichukua miaka mingi.

Na usugu wa dawa?

Ni msiba wa polepole na hauandikwi sana. Mwaka 2019 vijidudu visivyosikia dawa vilisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27. Hautaangusha ustaarabu kwa siku moja, ila bila antibiotiki zinazofanya kazi, upasuaji wa kawaida na kujifungua vitarudi kuwa kamari.

Akili mnemba ni hatari kweli, au ni hadithi?

Nachukulia kuwa ni hatari ya kweli, na nawaheshimu wasiokubaliana nami. Mei 2023 wataalamu wengi walitia saini tamko la sentensi moja lililosema kwamba kupunguza hatari ya akili mnemba kutuangamiza kunapaswa kupewa uzito kama magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Miongoni mwao walikuwamo Geoffrey Hinton na Yoshua Bengio, watu walioijenga fani yenyewe. Yann LeCun, aliyeshiriki nao Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, anaona hofu hiyo imepitiliza. Wakati waasisi wenyewe wanagawanyika hivyo, mtu wa kawaida hana sababu ya kuona aibu kwa kutokuwa na hakika.

Yapo mawili ambayo hayahitaji kuamini lolote la ajabu. La kwanza, programu hizi zinaweza kumsaidia mtu mwenye nia mbaya na ujuzi mdogo afike mbali kwenye mambo ya virusi. La pili, majeshi yana kishawishi cha kuzikabidhi maamuzi kwa sababu zina kasi. Mkumbuke Petrov. Mashine ingekuwa na kasi kuliko yeye, na kasi ndiyo ingetuua. Novemba 2024 Rais Joe Biden na Rais Xi Jinping walikubaliana kwamba uamuzi wa kutumia silaha za nyuklia ubaki mikononi mwa binadamu. Ni kauli tu, haina ukaguzi, lakini nilifurahi kuisikia.

Je, asteroidi inaweza kutupiga kama ilivyowapiga dinosaria?

Inaweza, ila hii ndiyo hatari tunayoimudu vizuri kuliko zote. Ile ya miaka milioni 66 iliyopita, iliyoangukia eneo la Chicxulub nchini Meksiko, ilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi, na ilifuta takriban robo tatu ya spishi zote. Wanaastronomia wameshaziorodhesha zaidi ya asilimia 90 ya asteroidi za kilomita moja na kuendelea zinazopita jirani na njia ya Dunia. Zile za mita 140 na zaidi, ambazo zinaweza kuangamiza mkoa mzima, bado hatujafikia nusu. Na ndogo hutushtukiza: kimondo cha mita kama 20 kilichopasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, Februari 2013 kilijeruhi watu karibu 1,500, wengi wao kwa vioo vya madirisha.

Tarehe 26 Septemba 2022, chombo cha DART cha NASA kiliigonga Dimorphos, asteroidi ya mita 160 hivi, kikafupisha kwa zaidi ya nusu saa muda inaotumia kuizunguka asteroidi kubwa iliyo jirani yake. Kwa mara ya kwanza viumbe wa sayari hii walisogeza jiwe la angani kwa makusudi. (Tarehe hiyohiyo ya Petrov, miaka 39 baadaye. Hainihusu kitu kisayansi, ila siisahau.)

Volkano na dhoruba za jua je?

Tambora, huko Indonesia, ililipuka Aprili 1815, na 1816 ukawa mwaka usio na majira ya joto katika sehemu za Ulaya na Amerika Kaskazini: baridi kali mwezi Juni, mavuno kuharibika, njaa. Huo ndio mfano mdogo niliousema juu. Hatuwezi kuzuia volkano. Tunaweza kuweka akiba ya chakula, na dunia ina akiba ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Dhoruba ya jua, mlipuko wa jua ambao nguvu zake hufika hadi Duniani, haichomi watu, inachoma transfoma. Ile ya Machi 1989 ilizima umeme Quebec, Kanada, kwa saa kama 9 na kuwaacha watu milioni 6 gizani. Ile ya 1859 ilikuwa kubwa zaidi, ila wakati huo kilichokuwepo cha kuharibika kilikuwa telegrafu.

Jua litazimika lini?

Baada ya miaka kama bilioni 5. Kabla ya hapo, katika miaka bilioni moja hivi, litakuwa kali kiasi cha kukausha bahari. Usilikosee usingizi.

Wadudu na wanyama wanaotoweka wanatuhusu nini?

Ripoti ya kimataifa ya 2019 ilikadiria kwamba spishi milioni moja hivi zinakabiliwa na kutoweka. Wachavushaji, viumbe vya udongoni, misitu inayovuta mvua: hawa ndio mafundi wa mtandao ule niliouelezea mwanzo, na hatujui ni nyuzi zipi zinabeba mzigo mpaka zikatike.

Wapo wanaoweka akiba. Ghala la mbegu la Svalbard, lililochimbwa ndani ya mlima ulioganda kwa baridi nchini Norway, lilifunguliwa 2008. Watu walidhani litafunguliwa siku ya kiama. Lilifunguliwa kutoa mbegu mwaka 2015, kwa sababu vita vya Syria vilikuwa vimewanyima watafiti ghala lao karibu na Aleppo. Mbegu zikapandwa Lebanoni na Moroko, zikazaa, na miaka miwili baadaye sehemu yake ikarudishwa Svalbard.

Saa ya maangamizi inapima nini?

Haipimi kitu kwa mizani. Ni saa ya mfano tu, ambayo saa sita ya usiku yake ndiyo maangamizi. Ni maoni ya wanasayansi wa jarida la Bulletin of the Atomic Scientists, walioianzisha 1947 ikiwa dakika 7 kabla ya saa sita ya usiku. Mwaka 1991 ilirudishwa hadi dakika 17. Januari 2025 iliwekwa sekunde 89. Mimi huangalia zaidi ule mwaka 1991: mishale yake inarudi nyuma.

Mtu mmoja anaweza kufanya nini?

Hili huulizwa kwa sauti ya kukata tamaa, kwa hiyo nitajibu kwa kisa cha mtu mmoja. Ndui iliua takriban watu milioni 300 katika karne ya 20. Mgonjwa wa mwisho duniani kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Marka, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Alipona, na waliokuwa wamemkaribia wakatafutwa mmoja mmoja na kuchanjwa, ugonjwa ukaishia kwake. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangazwa kuwa huru.

Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea kwenye kampeni ya kutokomeza polio. Wazazi waliokataa watoto wao wasichanjwe aliwasimulia yaliyompata yeye. Mwaka 2013 polio iliporudi Somalia alikuwa bado kazini, akizunguka nyumba kwa nyumba, na alikuwa katika kampeni hiyo malaria ilipomuua.